Sefti ya Glock iko wapi? Na ikianguka je?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara hapa Mombasa, nina leseni, na siku zote nimekuwa na Ceska, CZ 75, ile ya chuma yenye nyundo nyuma na kidude cha sefti ubavuni. Juzi nimebadilisha nikachukua Glock 19 maana ile ilikuwa inanilemea kwa uzito. Nimeigeuza geuza sioni sefti, sioni nyundo. Mume wangu ananiambia hiyo ni hatari, eti ikianguka inalia yenyewe, nisiweke risasi kwenye chemba kabisa. Na aliyeniuzia kasema kuifungua kuisafisha lazima uvute triga kwanza, hapo ndo nikaogopa zaidi. Naibeba kwenye mkoba. Naomba unieleze inavyofanya kazi ndani, nielewe mwenyewe."

Marahaba dada. Nianze na jibu fupi alafu tuingie ndani taratibu. Sefti zipo, ziko tatu, na hakuna hata moja inayongoja wewe uikumbuke. Ukiachia triga zinajifunga zenyewe, ukivuta triga zinajifungua zenyewe, moja baada ya nyingine. Raha yake ndo hiyo na hatari yake ndo hiyo hiyo, kwa sababu kila kitu kimetundikwa juu ya triga. Chochote kikiivuta ile triga mpaka mwisho, kiwe kidole chako, kiwe ufunguo ndani ya mkoba, kiwe kamba ya koti, bastola italia. Haichagui.

Tuanze na Ceska yako kwa vile hiyo unaijua. Ukiikoki unaona kabisa nyundo imerudi nyuma imekaa pale, ukivuta triga nyundo inaachiliwa, inapiga pini, pini inagonga praima, ile duara ndogo katikati ya kitako cha risasi, baruti inawaka. Nyundo ndo inayobeba nguvu, pini inapokea tu na kupeleka mbele. Na kwa sababu nyundo iko nje, jicho lako linakuambia hali ya bastola bila kuishika.

Bastola ya straika haina nyundo. Pini yenyewe imevalishwa springi yake na kulazwa ndani ya slaidi, yaani ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na kuja mbele, na kwa nyuma ina kijiguu kinachoning'inia kuelekea chini kwenye fremu, ile sehemu ya chini yenye mpini na triga. Kile kijiguu kinanaswa na kipande cha chuma kilichoko kwenye fremu, kikiachiliwa tu springi inairusha pini mbele moja kwa moja kwenye praima, hakuna mtu wa kati. Hiyo pini yenye nguvu yake yenyewe ndo straika. Vipande vinapungua, slaidi inakaa chini karibu na mkono wako, hakuna kitu cha kunasa kwenye nguo ukichomoa. Ila umepoteza lile jicho la nyundo, na hili nitalirudia huko mbele maana lina maana kubwa kwenye kurudisha bastola kwenye holsta, yaani ala yake.

Watu wengi wanadhani hii ni teknolojia ya Glock, hapana, ni ya zamani sana. Luger ya Mjerumani, ile P08 ya mwaka 1908, ni straika. Kile kibastola kidogo cha mfukoni John Browning alichowachorea FN wa Ubelgiji, cha mwaka 1906, ni straika pia. Hata bastola ya plastiki haikuanza na Glock, Heckler & Koch walikuwa na VP70 mwaka 1970, straika na fremu ya plastiki. Gaston Glock alichofanya, na alikuwa mtu wa visu vya jeshi na vyuma vya pazia wala hakuwa mtengenezaji bastola, ni kupanga sefti zote ziwe ndani na zitii triga peke yake. Jeshi la Austria likaichukua mwaka 1982, wakaiita P80, sisi wengine tunaijua kama Glock 17. Yako, 19, ni mdogo wake wa mwaka 1988, mambo ya ndani ni yale yale.

Sasa tuingie ndani. Ukiitoa slaidi na kuangalia fremu kutoka juu utaona upande wa kulia kuna kibati kirefu cha chuma kinatoka kwenye triga kinaenda mpaka nyuma kabisa, na kule nyuma kinajikunja kinatengeneza umbo la msalaba. Mimi nakiita kipau. Ule msalaba wa kipau ndo unaonasa kijiguu cha straika. Ukikoki, slaidi inarudi nyuma alafu inakuja mbele na risasi, na ile inavyokuja mbele kijiguu cha straika kinakwama kwenye msalaba, springi ya straika inabaki imebanwa. Lakini haijabanwa yote, na watu wengi hawalijui hili. Imebanwa sehemu tu. Fikiria mtoto kavuta manati nusu kaishikilia hapo hapo. Nusu iliyobaki anaivuta nani? Unaivuta wewe, kwa kidole, ukivuta triga. Ndo maana triga ya Glock ina ule mwendo na ule uzito wa kama kilo 2.5 hivi, unakuwa unamalizia kuikoki kila unapofyatua.

Haya, vuta triga polepole, kichwani tu, tuone sefti zinavyofunguka.

Ya kwanza iko machoni pako ila hukujua ni sefti. Angalia uso wa triga, katikati kuna kijiulimi chembamba kimejitokeza mbele. Kijiulimi hicho kina mkia kwa nyuma, na kama hakijabonyezwa ule mkia unagonga fremu, triga haiendi popote. Kidole kikikaa katikati ya triga kinakibonyeza bila wewe kufikiria. Jaribu, bastola ikiwa tupu kabisa na umehakikisha zaidi ya mara moja, shika triga kwa pembeni tu, ukingoni, bila kugusa ulimi, uvute. Haivutiki. Kazi yake kubwa wengi wanadhani ni kuzuia vitu vya mkobani, na hapo ndo wanapokosea, ufunguo ukiingia katikati ya triga unabonyeza ulimi sawa sawa na kidole. Kazi yake ni ya wakati wa kuanguka. Bastola ikianguka kwa nyuma ikasimama ghafla, triga nayo ina uzito wake, inataka kuendelea na safari ya kurudi nyuma. Ule mkia unaizuia.

Ya pili iko ndani ya slaidi. Kuna kipini kifupi cha duara kinasukumwa chini na kijispringi, kimesimama mbele ya straika kwenye njia yake. Straika ikijaribu kwenda mbele inagonga kile kipini inaishia hapo, haifiki kwenye praima. Kipau kina kidole cha chuma kimeinuka juu, triga ikivutwa kidole hicho kinapita chini ya kile kipini na kukisukuma juu, njia inafunguka. Ukiachia triga kinashuka tena. Nakuomba usikilize vizuri hapa: hata tuseme msalaba wa kipau umevunjika, straika imeachiliwa yenyewe, bila triga kuvutwa kile kipini bado kipo njiani. Hii ndo sefti ninayoiamini kuliko zote, na ndo ya kwanza ninayoikagua bastola ikiletwa kwangu.

Ya tatu huwezi kuiona bila kufungua. Ule msalaba una mikono miwili, na mkono mmoja unapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye kipande cha plastiki cha nyuma ya fremu. Mfereji una kingo kwa chini. Mradi triga iko mbele, mkono umekalia kingo, kwa hiyo msalaba hauwezi kushuka, na usiposhuka hauwezi kuachia kijiguu cha straika. Kingo inaisha nyuma kabisa. Yaani lazima triga ivutwe mpaka karibu na mwisho ndo msalaba upate nafasi ya kushuka, na hapo unakutana na kibati kingine kidogo kilichokunjwa kwa mshazari, konekta, kinausukuma chini, kijiguu kinachomoka, straika inaruka. Springi sasa hivi ilikuwa imebanwa yote kwa kidole chako. Mlio.

Hayo yote yanatokea kwenye mwendo wa triga wa kama milimita 12 hivi. Ulimi, kipini, kingo, alafu straika. Na kidole kikiachia katikati ya safari, vyote vinajifunga tena kwa mpangilio wa kinyume.

Risasi ikishatoka slaidi inarudi nyuma kwa nguvu, inatupa ganda, na wakati huo huo inaisukuma konekta pembeni kidogo. Konekta ikiwa pembeni kipau hakisukumwi tena chini, kinainuka, slaidi ikija mbele na risasi mpya kijiguu kinanaswa tena hata kama kidole chako bado kimekandamiza triga nyuma. Ndo maana haimwagi risasi mfululizo. Ukiachia triga taratibu utasikia "tik" na kuihisi kwenye kidole, konekta imerudi mahali pake, unaweza kufyatua tena.

Kuna kitu kimoja utakiona tofauti na Ceska yako. Kwenye Ceska risasi ikigoma kuwaka unaweza kuvuta triga tena, nyundo itainuka na kupiga mara ya pili. Glock hapana. Straika ikishapiga imepiga, triga inabaki nyuma imelala, lazima slaidi ivutwe. Kwa hiyo mazoezi yako ya risasi kugoma yabadilike: ukiwa kwenye uwanja wa shabaha, kaa umeelekeza mbele kwa nusu dakika hivi maana risasi nyingine huchelewa kuwaka, alafu ndo uitoe.

Na hilo la triga kulala linakupa kitu kizuri, kwenye Glock triga ikiwa mbele straika imekokiwa, triga ikiwa nyuma straika imelala. Triga kuwa mbele haimaanishi kuna risasi kwenye chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, inamaanisha imekokiwa tu. Kwa chemba, angalia kile chuma cha kuvuta ganda upande wa kulia wa slaidi, kwenye zilizotengenezwa miaka ya karibuni kinajitokeza kidogo kukiwa na risasi, unaweza kukigusa kwa kidole gizani. Lakini usikifanye kuwa ndo ukaguzi wako, ukaguzi ni kufungua slaidi na kuangalia kwa macho.

Sasa la mume wako. Anayosema hayajatoka hewani, bastola zilizoanguka zikalia zipo, nyingi ni za kizamani ambazo hazikuwa na kizuizi cha pini. Bastola ikianguka na mtutu chini, pini inataka kuendelea kwenda mbele, kama hakuna kitu njiani inaweza kugonga praima. CZ 75 za mwanzo hazikuwa na kizuizi hicho, wakakiongeza baadae ndo ikawa CZ 75 B, na hiyo B ndo habari yenyewe. Angalia ile yako ya zamani imeandikwa nini ubavuni. Inawezekana ulikuwa umebeba miaka yote bastola yenye sefti ya kubonyeza lakini isiyo na kizuizi cha pini, na hii ya sasa unayoiogopa ndo iliyokingwa zaidi ikianguka.

Ila nisikudanganye kwamba straika zote ziko sawa, haziko sawa, na mfano mkubwa tulionao ni wa SIG Sauer P320. Ilitoka 2014, na Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani likaichagua kuwa bastola yake mpya, kubwa M17 na fupi M18. Miezi michache baadae, Agosti 2017, watu wakaonyesha kwa majaribio kwamba ile ya kiraia ikiangushwa kwa pembe fulani, ikatua kwa nyuma ya slaidi, inaweza kulia. Na ilikuwa imepita majaribio ya kawaida ya kuangusha! Majaribio ya viwanda vya Marekani yanaangusha bastola kutoka mita 1.2 hivi kwa mikao iliyopangwa, na ile pembe haikuwemo. Kilichotokea ndani ni kile nilichokueleza kwenye sefti ya kwanza. P320 straika yake inakokiwa yote, springi imebanwa tayari, triga kazi yake ni kuachia tu. Triga yenyewe ilikuwa nzito kwa maana ya chuma chake, na haikuwa na ulimi. Bastola inasimama ghafla, triga inaendelea na safari, inajivuta yenyewe. Na ikijivuta, kizuizi cha pini kinafunguka kwa sababu kinaitii triga. Unaona? Sefti ya ndani ilifanya kazi yake vizuri kabisa, ila ilitii triga ambayo hakuna mtu aliyeivuta. Kampuni ikatangaza marekebisho ya bure, triga nyepesi, straika nyepesi, na baadhi ya vipande vya ndani vikabadilishwa. Mwenye P320 ya kabla ya hapo akaiulizie kama ilishafanyiwa, na asiibebe mpaka ajue.

Mimi nikiulizwa na mtu anayenunua straika yoyote, ya jina kubwa au la duka, maswali yangu huwa ni haya tu: springi inakaa imebanwa kiasi gani triga ikiwa mbele, pini ina kizuizi, na ni nini kinaizuia triga isijivute bastola ikianguka kwa nyuma. HK VP9, ya wale wale Heckler wa VP70, na Walther PPQ zinakokiwa yote na triga zake ni tamu sana, lakini zina kizuizi cha pini na zina ulimi kwenye triga. Springfield XD, ambayo kwa asili ni HS2000 ya Kroatia, wameweka ulimi na wakaongeza kibonyezo nyuma ya mpini, usiposhika mpini sawa sawa haifyatui. Walther P99 ilikuwa na kitufe juu ya slaidi cha kuilaza straika kabisa, ukitaka kuanza na triga ndefu nzito. Na HK P7 ya miaka ya 70, hiyo ni akili ya aina yake, unaikoki kwa kuminya mpini wenyewe kwa vidole na ukilegeza mkono inajilaza. Nzuri mno, ghali mno, na siku hizi haitengenezwi tena.

Na sefti ya kidole gumba, kama ya Ceska? Zipo straika zenye hiyo. Smith & Wesson M&P unaweza kuiagiza nayo au bila. Jeshi la Marekani kwenye ule mchakato wa 2017 lilitaka sefti ya kidole gumba, kwa hiyo M17 inayo, na hata Glock waliposhindania ile kazi waliwapelekea 19 yenye sefti hiyo. Kwa hiyo ukiitaka si kwamba wewe ni mwoga, jeshi zima liliitaka. Ubaya wake ni kwamba ni kitu cha kukumbuka wakati mikono inatetemeka, na mtu aliyezoea asipofanya mazoezi anavuta triga haitoki anashangaa. Polisi wa New York walipita njia nyingine, walipoacha bastola za silinda miaka ya 90 wakahofia triga nyepesi, wakaagiza Glock zenye springi nzito mpaka triga ikafika kama kilo 5 na nusu, zaidi ya mara mbili ya ile ya kiwandani. Kidole cha bahati mbaya kikapungua nguvu, sawa, lakini kupiga shabaha kwa triga ya uzito ule ni kazi kweli kweli, risasi zinakwenda pembeni na pembeni kuna watu. Kwa raia mjini kama wewe singekushauri.

Wala usikubali kinyume chake, fundi wa mtaani akuambie atailainisha. Kupiga msasa konekta, kukata springi, kuweka triga ya kununuliwa mtandaoni. Umeshaona jinsi kipau, kile kipini, kingo na ulimi vinavyotegemeana kwa vipimo vidogo vidogo. Mtu akiondoa chuma kidogo hapa anakuondolea sefti ambayo huioni na hutajua mpaka siku ya siku. Ya kiwandani iache ya kiwandani.

Sasa mkoba. Dada yangu, hapa ndo nataka unielewe kuliko kote juu. Nimekueleza kwamba zile sefti tatu zinakukinga na kuanguka, kugongwa, kutikisika kwenye matatu, kuvunjika kwa kipande. Hazikukingi na kitu kinachoingia kwenye triga. Ceska yako ndani ya mkoba sefti ikiwa juu, kalamu ikiingia kwenye triga, hakuna kitu. Glock ndani ya mkoba huo huo, pamoja na kalamu, lipstiki, funguo za duka na chaja ya simu, ni hatari ya kweli na mume wako hapo ana haki ya kukosa usingizi. Dawa yake iko nje ya bastola: holsta ngumu, ya plastiki ngumu iliyoundwa kwa Glock 19 hasa, inayofunika triga yote pande zote mbili kiasi kwamba huwezi kuifikia hata ukitaka. Kwangu mimi hiyo holsta ni sefti ya nne, na kwa bastola ya aina hii naihesabu sehemu ya bastola. Kama lazima iwe mkoba, basi mkoba wenye mfuko wake peke yake wa bastola, hakuna kingine ndani ya ule mfuko, na bastola iko ndani ya holsta ngumu iliyofungwa isiteleze. Mkoba wa kawaida, hapana. Na mkoba unawekwa chini, unatundikwa kwenye kiti, mtoto anaufungua kutafuta peremende. Mwilini ni bora mara elfu, hata kama itabidi ubadilishe nguo.

Holsta laini za ngozi zilizochoka nazo zitupe. Zikilegea mdomo unajikunja kwa ndani, unairudisha bastola kwa haraka, ule mkunjo unaingia kwenye triga na wewe mwenyewe unasukuma chini. Kamba ya jaketi yenye kifundo mwishoni inafanya hivyo hivyo. Ajali nyingi za Glock ambazo watu wanasema "ililia yenyewe" zinatokea wakati wa kuirudisha, na kwa Ceska ungekuwa umeweka gumba juu ya nyundo, ukaihisi inainuka, ukasimama. Kwa straika huna hiyo. Kuna watu wameunda kibati cha kubadilisha nyuma ya slaidi kinachosogea straika ikirudi, ukaweka gumba hapo ukaihisi, ni kitu kizuri ila si kila mahali utakipata. Bila hicho, sheria ni moja: kuchomoa haraka ruksa, kurudisha haraka hapana. Simama, vuta nguo pembeni, angalia holsta kwa macho, kidole nje kimenyooka ubavuni, rudisha polepole. Ukihisi inakwama usisukume, itoe uangalie.

Chemba tupu au yenye risasi? Kwa vile ilivyo ndani, na holsta ngumu mwilini, Glock yenye risasi kwenye chemba iko salama, na imeundwa ibebwe hivyo. Lakini wewe leo umetoka kwenye bastola nyingine, bado unabeba mkoba, bado hujapiga nayo vya kutosha. Kwa hiyo kwa sasa ninakubaliana na mume wako, acha chemba tupu, mpaka upate holsta, na uende kwenye shabaha na mwalimu mpaka kidole chako kizoee kukaa nje ya triga bila kukikumbusha. Baada ya hapo uamuzi ni wako. Jua tu kwamba chemba tupu inataka mikono miwili na sekunde ya ziada, na mkono mmoja unaweza kuwa umeshika mtoto au umeshikwa. Na yeye mume wako, kama hana leseni yake, ushauri atoe lakini bastola asiishike, leseni Kenya ni ya mtu na utunzaji wake uko juu yako.

Tumalizie na kuifungua. Aliyekuuzia amesema kweli. Kijiguu cha straika kikiwa kimenaswa na msalaba slaidi haiwezi kutoka kwa mbele, kwa hiyo lazima straika ilazwe kwanza, na njia pekee ya kuilaza Glock ni triga. Bastola nyingine wamelikwepa hili, M&P ina kijilevya ndani ya kukiachia, P320 na VP9 unafunga slaidi nyuma unageuza kitasa. Glock hawakubadilisha, na watu wamejipiga mikono, wamepiga ukuta na majirani, na karibu kila mara kosa ni la mpangilio. Wanakoki kwanza, risasi ya chemba inatoka wanafurahi, alafu ndo wanatoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Wakati wanakoki magazini ilikuwa bado ndani, imeshapandisha nyingine.

Kwa hiyo magazini itoke kwanza, iwe nje ya meza kabisa. Alafu ndo uvute slaidi mara kadhaa, uifunge nyuma, uangalie chemba kwa jicho kwenye mwanga, ingiza na kidole kidogo uguse kwamba hakuna kitu, angalia na pale magazini ilipokuwa. Achia slaidi, elekeza mahali ambapo risasi ikitoka haitaumiza mtu, ndoo iliyojaa mchanga inatosha, ukuta wa chumba hapana, ndo uvute triga. Utasikia "tak" ya straika ikilala. Rudisha slaidi nyuma kidogo sana, milimita chache tu, vuta vile vibonyezo viwili vya pembeni juu ya triga kuelekea chini kwa vidole viwili, achia slaidi iende mbele, inatoka. Ukiirudisha slaidi nyuma zaidi ya pale utakuwa umeikoki tena na itabidi uanze upya, kuanzia kuangalia chemba, si kuanzia triga. Risasi zote wakati huo ziwe chumba kingine na mlango umefungwa.